Bibi Harusi Hasifiwi

Haramali, ule mmea wa porini, haina subira. Ukiichuma mapema, vitumba vyake ni maji matupu, sindano inapita kama kwenye zabibu na uzi haupati pa kushika. Ukichelewa, jua la Agosti limekwisha kuvikausha, ukivigusa tu vinapasuka na mbegu nyeusi zinakumwagikia mapajani. Kati ya hapo kuna siku chache ambazo kitumba ni kijani kinachoelekea manjano, kigumu kwa nje na laini kwa ndani, kidogo kama njegere. Wanawake wa kijiji cha Üçkuyu walikuwa wakiziita siku za ulimi, maana sindano na ulimi vilifanya kazi bega kwa bega, na aliyenyamaza aliulizwa kama anaumwa.

Döne alikuwa na magunia mawili ya vitumba vya namna hiyo, sebuleni kwa mwanawe, ghorofa ya nne, mjini Kırşehir. Vitumba anavyo. Wanawake wa kuvitunga ndio hana.

Mjukuu wake Nazik alikuwa anaolewa zabibu zikishachumwa, na mume angemchukua moja kwa moja hadi İzmir, safari ya kulala ndani ya basi. Na huko Üçkuyu, tangu Döne apate akili, hakuna msichana aliyetoka kwao bila pambo la haramali. Vitumba hutungwa mstari kwa mstari, mistari ikafungwa iwe na umbo la chanuo kubwa, na katikati ya vitumba hutiwa vipande vya nguo, kila mtungaji na kipande chake. Pambo lile hutundikwa likitazama mlango. Mgeni mwenye kijicho akiingia, jicho lake linanasa pale kwanza, linahangaika na mistari na rangi, na mpaka lije kumfikia mwenye nyumba limekwisha choka. Mtoto akipata homa, ng'ombe akikata maziwa, unachomoa kitumba kimoja au viwili, unavitia kwenye kaa la moto, vinalia pwa pwa pwa, na moshi wake unamzungusha mgonjwa kichwani. Pambo ni bawabu, na ni kabati la dawa pia.

La Döne mwenyewe lilikuwa bado lipo, ndani ya foronya, chini ya kitanda. Lakini lilikuwa limelea watoto watano. Surua ya mwanawe Bektaş ilikula safu nzima ya juu. Mwaka nyumbu alipokataa kusimama, zikaenda safu mbili. Sasa zimebaki nyuzi na vitambaa, kama kuku aliyenyonyolewa akasahaulika. Pambo la hivyo humpi bibi harusi, hata kama kila uzi wake unakusimulia jambo.

Ndipo akamwambia Bektaş ampeleke kijijini.

Haramali hupenda makaburi na magofu. Penye watu wengi haioti, inakanyagwa. Zamani walikuwa wakiifuata mpaka nyuma ya makaburi, wasichana kwa kundi, wakiimba wasisikie uoga. Safari hii Döne hakuhitaji kufika makaburini. Aliikuta uani kwa Sati mkunga, aliikuta pale kilipokuwa kinu, na aliikuta kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, imesimama mlangoni kifua mbele kama mkwe aliyerithi. Aliinama akaichuma. Aliyesema alikuwa Hürü, shoga yake wa utotoni, mmoja wa wachache waliobaki Üçkuyu, mwenye mbuzi mmoja na ulimi wa watu saba.

"Chuma vizuri," Hürü alisema, akiegemea fimbo yake. "Hiyo imekunywa maji yako ya kuoshea vyombo miaka yote. Itakuwa na mafuta."

"Wewe Hürü, utakuja mjini na mimi?"

"Kufanya nini?"

"Kutunga. Na kutukana."

Hürü alifikiri kidogo, akamtazama mbuzi wake, akaenda kumkabidhi kwa jirani.

Sasa hapo kwenye kutukana ndipo penye mambo. Mila ya kule ni kwamba bibi harusi hasifiwi. Sifa ndiyo mlango wa kijicho: ukimwambia mtu ni mzuri bila kutanguliza mashallah, umemfungulia mwizi dirisha. Kwa hiyo siku ya kutunga, bibi harusi huketishwa kizingitini, ameshika ncha ya uzi, haruhusiwi kujibu wala kucheka, na wanawake wanatunga huku wakimtaja kasoro. Kitumba kimoja, kasoro moja. Uovu ukija kumtafuta unasikia habari zake, unaona huyu hana maana, unapita nyumba ya pili. Wala pambo halitungwi na mtu mmoja. Mkono mmoja hutunga upweke, ndivyo walivyosema, na hakuna anayetaka kupeleka upweke kwa mume.

Döne aliikumbuka siku yake kana kwamba chai yake haijapoa. Ua wa mama yake, zulia limetandikwa, wanawake wamejaa mpaka wengine wamekaa juu ya ngazi ya banda. Mmoja alisema miguu ya Döne ni mipana kama vibao vya kusukumia mkate. Mwingine akasema akikoroma kuku wanatoka bandani wakidhani kumekucha. Waliorodhesha masikio, walisema mwendo, walisema deni la sabuni. Hakuna siku katika maisha yake aliyotazamwa kwa makini namna ile. Ni mpaka alipozeeka ndipo alipotambua kwamba mtu hawezi kukutukana kwa ufundi hivyo kama hajakutazama kwa miaka.

Kesho yake baada ya kufika mjini, Hürü alishuka ngazi za jengo lile akigonga kila mlango kwa fimbo. Döne alikuwa ameishi pale misimu kadhaa na majirani aliowajua ni wale aliokutana nao kwenye kapu la takataka. Hürü alirudi nao baada ya muda mfupi, wamevua viatu mlangoni, wamejaa udadisi: mke wa fundi redio wa chini na dada yake, mama mmoja kijana na kichanga chake begani, na Bi Perihan wa ghorofa ya pili, mjane wa mwalimu, mwenyeji wa pwani ya Bahari Nyeusi, mtu wa adabu sana. Bi Perihan hata paka wa jalalani alimsalimia kwa heshima.

"Karibuni, karibuni," Döne aliwaambia, na sauti ikamtoka ya zamani, ile ya uani. "Kaeni chini, viti vinazuia mkono. Kila mtu atoe kitambaa chake."

Bi Perihan alitoa kipande cha hariri nyekundu, kimekunjwa kwenye karatasi ya duka.

Hürü alikipokea, akakinusa. "Hiki hakijawahi kutoka jasho."

"Ni kipya, mama. Nimekikata leo."

"Ndiyo ninachosema. Kitambaa kinatakiwa kiwe kimeishi. Nenda kalete kilichovaliwa."

Bi Perihan alikwenda akarudi, ngumi imefumba, na alipoifungua kilikuwa kipande cha gauni la kulalia, maua ya buluu yaliyofifia. Mke wa fundi redio aliinamia sinia asicheke. "Sasa tunajuana, Bi Perihan," alisema.

Nazik akaketi kizingitini, baina ya sebule na ukumbi, ncha ya uzi mkononi. Msichana mrefu, mwembamba, mwenye macho ya kahawia. Na kwenye jiko, mlango ukiwa wazi, mama yake Songül alikuwa anapiga pasi.

Tangu posa ijibiwe, Songül alikuwa anapiga pasi. Alipiga pasi mashuka ya binti yake, foronya, taulo, vitambaa vya meza, akavikunja, akaviona havikukunjika sawa, akavirudia. Alizaliwa Ankara, akaolewa na Bektaş kwenye ukumbi wa manispaa, akaja Kırşehir na masanduku yake. Yeye na mkwewe waliishi kwa heshima, kama abiria wawili wema kwenye kiti kimoja. Habari ya pambo hakuikataa. Alisema tu, "Kama unaona ni lazima, mama," akarudi kwenye pasi.

"Haya," Hürü alisema, akachoma kitumba cha kwanza. "Naanza mimi. Msichana huyu pua yake imeshafika İzmir, mwenyewe bado anatafuta viatu."

Majirani wakatazamana.

"Semeni," Döne aliwahimiza. "Bila hayo tunatunga njugu tu."

Mke wa fundi redio akajikohoza. "Mimi... ngazini anasalimia kwa sauti ndogo. Kama anayelipa kodi."

"Vizuri," Hürü alimwambia. "Tunga."

"Akipita," akadakia dada yake, sasa ameonja, "kisigino kinalia ko, ko, ko. Mimi nikiwa nimelala mchana najua Nazik amekwenda kununua mkate, najua amerudi, na najua kasahau chumvi amerudi tena."

"Kunguru mkavu," alisema Hürü kwa furaha, "mwenye viatu vya farasi. Tunga, tunga."

Basi, mambo yakachangamka. Mama wa kichanga, aliyeonekana hajalala tangu kujifungua, alitoa kasoro tatu mfululizo na rangi ikamrudia usoni. Mbegu za alizeti zikaletwa, chai ikazunguka kwenye bilauri ndogo, maganda yakajaa kisahani. Wakatoka kwa Nazik wakaingia kwa mchumba, wakatoka kwa mchumba wakaingia kwa mama wa mchumba, ambaye hakuna aliyewahi kumwona lakini wote walijua ni mtu wa namna gani. Harufu ya haramali, ile chungu yenye kukaa kwenye vidole siku nzima, ikajaa nyumba. Döne alifumba macho kidogo akaisikiliza sebule. Akiyafumba, palikuwa uani. Sauti zilikuwa za watu wengine, ila mlio ni uleule, kama chungu kinachochemka na kifuniko chake.

Bi Perihan peke yake alikuwa akitunga kimya, akitabasamu kwa mateso.

Na jikoni, pasi ilianza kugonga meza. Kwanza polepole. Kisha kwa nguvu.

"Mama," Songül alisema kutoka mlango wa jiko. "Naomba tuzungumze."

Döne alimfuata. Songül alisukuma mlango, haukufunga vizuri, ukabaki na upenyo.

"Kunguru," Songül alisema. Alikuwa anasema taratibu, kwa ile sauti ya mtu anayebeba bakuli lililojaa. "Nyumbani kwangu, mwanangu anaitwa kunguru. Na watu nisiowajua vizuri wanacheka."

"Ni mila, mwanangu. Ni kumkinga."

"Mimi nilipoolewa hakuna aliyenitukana."

Döne alitaka kusema kwamba hakuna aliyemtungia pambo pia. Akalimeza neno hilo.

"Anaondoka," Songül aliendelea. "Amebakiza siku chache katika nyumba hii, na siku hizo asikie kwamba miguu yake ni ya farasi? Wamalize chai yao, mama. Wamalize waende. Mtafanya nyie wawili."

"Wawili hawatoshi. Na vitumba havingoji. Kesho vitakuwa mawe."

"Basi viwe mawe."

Döne alirudi sebuleni. Alikaa, akachukua sindano, akahesabu kwa jicho: chanuo lilikuwa limefika katikati. Kama wangetunga haraka, chai ikichelewa kwisha, labda. "Tuharakishe kidogo," alisema. "Joto hili linakausha."

Ni kweli lilikuwa linakausha. Nyumba ya zege mwezi wa Agosti ni tanuri. Ndani ya gunia vitumba vilikuwa vimeanza kupasuka vyenyewe, tik, tik, kama saa yenye haraka.

Lakini upenyo wa mlango ulikuwa umefanya kazi yake, na Bi Perihan alikuwa amesikia kila neno. Na Bi Perihan, kama nilivyosema, ni mtu wa adabu. Moyo wake ulimuuma kwa ajili ya mama mle jikoni. Alitaka kuponya. Akaweka sindano yake chini, akanyoosha mgongo, na akapaza sauti ili ifike kwenye pasi.

"Tumetania sana, lakini ukweli usemwe. Mimi katika mitaa yote niliyokaa sijaona msichana kama Nazik. Yale macho. Ile ngozi, kama maziwa yaliyochujwa. Tabia yake, urefu wake, mikono yake. Huyo mume amepata johari, na kila mwenye mtoto wa kiume Kırşehir leo anajuta."

Wala hakusema mashallah. Hakutanguliza, hakumalizia.

Mbegu ya alizeti ilibaki kwenye meno ya mke wa fundi redio. Hürü alitua kitumba alichokuwa nacho, akachukua mkasi, na bila hasira, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikianza, akaukata uzi pale ulipotoka mkononi mwa Nazik.

"Nimesema vibaya?" Bi Perihan aliuliza.

"Umesema vizuri mno," Hürü alimjibu. "Hapo ndipo balaa. Sifa imeingia kwenye uzi. Sasa lazima lote lifumuliwe."

"Lote?"

"Mpaka kitumba cha kwanza."

Mama wa kichanga alitazama magunia. "Si tuna vingine?"

Döne alichovya mkono guniani, akatoa kiganja, akachoma kimoja. Kikapasuka vipande viwili. Akachoma kingine. Mbegu zikamwagika kwenye zulia la Songül. Vya guniani vilikuwa vimekwisha kukauka. Vilivyobaki ni hivi tu vilivyokwisha kutobolewa, na hivi navyo vingeweza kurudi kwenye uzi leo tu, matundu yakiwa bado hayajajikaza.

"Basi tuvifumue tuvirudishe," alisema mke wa fundi redio. "Mikono si ipo?"

"Mikono ipo," alisema Hürü. "Lakini sifa haijatoka. Ukiirudishia uzini unaitunga tena. Lazima itolewe kwanza. Bi Perihan, uliyeitia, jaribu wewe. Mtaje kasoro. Moja nzito."

Bi Perihan alimtazama Nazik. Akatafuta. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. "Pengine," alisema, "pengine kwenye supu... huzidisha mnanaa?"

Dada wa mke wa fundi alicheka mpaka akajifunika uso na kitambaa. Hata Hürü midomo ilimcheza. Lakini alitikisa kichwa.

"Haitoshi. Na sisi wengine ni wapita njia, tukimtukana ni mzaha. Sifa ya dhati kama ile hutolewa na mmoja tu, aliyemnyonyesha. Ndivyo ilivyo. Muulizeni Döne."

Hakukuwa na haja ya kumuuliza. Döne alikwisha simama.

Jikoni, Songül alikuwa bado anapiga pasi foronya. Alimsikia mkwewe akiingia, hakugeuka.

"Umesikia," Döne alisema.

"Nimesikia. Mtu amemsema mwanangu vizuri mara moja leo, na mnataka mimi nimwondolee."

"Ndiyo."

"Siwezi kumtukana mwanangu, mama."

Döne alivuta kiti, akakaa. Hakuwa mtu wa kumweleza mkwewe mambo ya kwao. Kwa kawaida alihisi kama anayemwonyesha mtu nguo zake za ndani. "Mama yangu alisema wa mwisho," alianza. "Wote walikuwa wamesema. Yeye alisema: mchukueni, mlafi huyu, sasa mkate wetu utatosha. Mbele ya watu. Nililia njia nzima hadi kwa mume. Nikajua hanitaki. Nilipokwenda kuwaona majira ya kuchipua, mdogo wangu akaninong'oneza kwamba mama kila jioni bado anaweka kijiko changu kwenye sinia. Hakuna anayekigusa. Wanakula, anakiosha, anakirudisha. Mkate wenyewe, alisema mdogo wangu, unabaki unakauka."

Pasi ilikuwa imesimama juu ya foronya, na moshi mwembamba ulianza kupanda pembeni yake, ukiwa na harufu ya pamba inayoungua. Wote wawili waliutazama kama jambo la nyumba ya jirani. Kisha Songül aliinua pasi, akachomoa waya ukutani, akabaki amempa mgongo.

Döne alingoja. Alipoona hageuki, alijikongoja akarudi sebuleni. Moyo wake ulikuwa mzito kama mfuko wa unga uliolowa. Basi, alijiambia, Nazik atakwenda İzmir na mashuka. Wengi siku hizi wanakwenda na mashuka, wanaishi.

"Asanteni," aliwaambia wanawake. "Mmefanya kwa uwezo wenu. Chukueni vitambaa vyenu."

Hawakuwa na haraka ya kuondoka, hilo lilionekana. Mke wa fundi redio alikunja kitambaa chake mara mbili zaidi ya ilivyohitajika. Bi Perihan alikuwa anafuta macho na kile kipande cha gauni la kulalia. Hürü aliinuka kwa fimbo akatafuta kiatu chake, na hapo ndipo ilipobidi apishe, maana kuna mtu alikuwa anaruka miguu ya Nazik kizingitini aingie ndani.

Songül alisimama katikati ya sebule, mikono imening'inia kama hajui ni ya nani.

"Hafungi kifuniko cha dawa ya meno," alisema.

Hakuna aliyejongea.

"Tangu mdogo. Dawa inakauka, naitupa, nanunua nyingine. Akioga, nywele zake zinaziba bomba, na mimi ndiye ninayezitoa kwa waya. Ukimwita anasema nakuja. Haji. Chai anakunywa nusu, nusu naikuta dirishani, nyuma ya pazia, na nzi ndani." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma mita ya umeme. "Akipika pilau sufuria linakuwa jeusi kwa nje. Nje, nauliza, kwa nje limefikaje? Anaimba bila kujua maneno, anatia ya kwake. Viatu vyake vimo mlangoni jozi nne, nimejikwaa kwavyo nikiwa na mimba ya mdogo wake, na bado vimo."

"Kaa chini, mwanangu," Döne alisema pole pole. "Kukaa ni kuzuri zaidi."

Songül akaketi zuliani, magoti upande, sketi yake ya kazini ikajaa mbegu nyeusi. Hürü alimsogezea sinia, akaanza kufumua pambo kuanzia mwisho, kitumba kimoja kimoja, kila kasoro kimoja, akivitia kwenye uzi mpya. Wengine wakaona, wakashuka kila mtu mahali pake, wakasaidia.

"Ni mchoyo wa maneno," Songül alisema. "Akiumwa hasemi. Nyinyi mtamwona anacheka, mtasema mzima. Mpaka umguse shingo hapa nyuma, chini ya nywele, ndipo ujue homa imempanda. Daktari hajui. Baba yake hajui. Na huko İzmir nani atakayejua kumgusa shingo?"

Hürü alisita, kitumba kidoleni. "Hiyo si kasoro, mkwe. Hilo ni swali."

"Ni kasoro," Songül alisema. "Kasoro ni kwamba hasemi. Tia."

Hürü akatia.

Sasa uzi mpya ulikuwa umeanza kujaa, na Döne mwenyewe alimpelekea Nazik ncha yake. Alimwekea mkononi na kumfunga vidole, asimwangalie usoni. Saa ile bibi harusi haangaliwi usoni, hiyo nayo ni mila. Mabega ya msichana yalikuwa yanatikisika. Huenda alikuwa anacheka, huenda vinginevyo. Kila mtu alijifanya ana shughuli na sindano.

Vitumba vingine vilipasuka kwenye kurudi. Hilo lilionekana mapema: pambo lingekuwa dogo, chanuo lenye mapengo, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Wakubwa wa Üçkuyu wangelitazama na kuuliza limetungwa na nani, kipofu gani. Döne alilitazama likikua, akayaona maua ya buluu ya Bi Perihan yakiingia kati, na kipande cha shati la fundi redio ambacho mkewe alikiri hakumwomba. Alichukua mkasi akamgusa Songül mkono. Songül alielewa. Alishika pindo la aproni aliyokuwa ameivaa, ile yenye madoa ya nyanya yasiyotoka, akaukata utepe mrefu, akauweka kwenye sinia pamoja na vya wenzake.

"Watu wa Ankara," alisema Hürü, akimwona anavyoshika sindano, "wanatunga kama wanaandika barua kwa mkuu wa mkoa."

"Nionyeshe basi, badala ya kusema," Songül alimjibu. "Mama yangu wewe, tangu asubuhi mdomo wako haujapumzika hata kumeza."

Mke wa fundi redio alimpiga dadake kiwiko. Mama wa kichanga alisema huyo mtoto wake naye sasa atukanwe, apate usingizi usiku, na wote wakageukia kichanga wakaambizana kwamba ni kibaya kupindukia, kichwa kama boga, na kichanga kikapiga miayo. Bi Perihan alikwenda jikoni bila kuambiwa, akaongeza maji kwenye birika. Aliporudi alisimama karibu na kizingiti, sinia la bilauri mikononi, akavuta pumzi kama anayetaka kuruka mfereji.

"Anatembea kama bata," alisema kwa haraka, akawa mwekundu hadi masikioni.

"Hilo tulishalisema, kwa farasi," alisema Hürü. "Lakini tutalipokea."

Sauti ya adhana ya alasiri iliingia dirishani, ikapita. Hakuna aliyesema anaondoka. Vidole vya Songül vilikuwa vimeanza kuchukua ile rangi ya kijani ya haramali, na ile harufu. Alichoma kitumba, kikakaa. Akakisukuma kwenye uzi mpaka kikagonga mwenzake.

"Na vikombe," alisema, mkono wake umeshanyooka kuomba kingine, "anavunja vikombe. Nipeni. Bado nina mengi."